Nani Alikuja Kumwomba?

Binti yangu alinituma kazi ambayo hata adui yangu nisingempa. Alipiga simu katikati ya wiki, akaniambia kwamba Jumamosi mtoto wa mfalme anaoa, katika nchi ya jirani na ile anayoishi yeye huko Ulaya, na harusi itaonyeshwa kwenye televizio tangu mwanzo hadi mwisho. Nikae niitazame pamoja na mtoto. Mtoto akishafurahia nguo na farasi na maua, hapo nimwambie polepole: mama yako naye anaolewa, akiolewa atapata karatasi zake za kuishi kule, na karatasi zikitoka utaenda kukaa naye. Wewe ndiye unajua kuongea naye, mama, akasema. Ati mimi ndiye najua. Mtu akitaka ubebe mzigo wake huanza kwa kukusifia mabega.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu, wa kike, ana miaka sita. Mama yake aliniachia mgongoni angali ananyonya, akaenda uwanja wa Bangboka kupanda ndege, na tangu siku ile amekuwa uso kwenye simu, uso unaokatikakatika mtandao ukiwa mbaya. Wakati ule mume wangu alikuwa hai. Alikuwa mtu wa reli, kazi yake yote aliifanya kwenye njia ya Ubundu, na alipostaafu alimpenda huyu mtoto kuliko alivyopata kuwapenda wanawe. Alikufa mtoto akiwa ameanza shule ya watoto wadogo. Binti yangu hakuja kuzika. Hakuwa na karatasi, na angetoka kule wasingemruhusu kuingia tena. Alilia kwenye simu, nami nikalia kwenye simu, jirani akaishika karibu na jeneza ili asikie nyimbo. Basi tukabaki wawili nyumbani, mimi na mtoto, hapa mtaani Simi-Simi.

Sasa nieleweni. Miaka yote hii nimekuwa na hamu ya binti yangu mpaka hamu ikawa mazoea, nalala nayo, naamka nayo, napika nayo. Kuna siku nakata mboga ya pondu nasikia mlango, nageuka nikijua kabisa ni yeye, na ni kuku ameingia. Halafu mtu huyohuyo ninayemtamani anataka kunichukulia huyu aliyebaki. Sikutaka mtoto aende. Na papo hapo nilitaka aende, kwa sababu mtoto ni wa mama yake, na mimi si mwizi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husemwa hivyo, lakini hawakusema uchungu wa bibi anaujua nani.

Mpango ulikuwa umeshapangwa bila mimi. Mama mmoja wa kanisa lao huko Ulaya angekuja Kinshasa kwa mambo yake, mtoto angepelekwa kwake, na yeye angesafiri naye. Nilipoambiwa nilijibu bon, sawa. Ndivyo nilivyokuwa nikijibu kila kitu kwenye simu, sawa, sawa, mimi ambaye sokoni wauza samaki wananiogopa. Kwa simu mtu hana meno. Unaogopa kusema neno zito kisha laini ikatike, neno likabaki limening'inia huko wiki nzima.

Jumamosi ikafika. Mtoto aliamka na msimamo: huwezi kwenda harusini na nguo za nyumbani. Nikamwambia hatuendi popote, ni televizio. Akaniuliza kama wao wamevaa vizuri na sisi tumevaa ovyo, hatutawatia aibu? Akavaa gauni la Pasaka, na mimi akanivalisha kitenge changu kizuri na kitambaa cha kichwa. Tukakaa sebuleni saa nne asubuhi tumependeza, na sahani ya ndizi za kuchoma katikati yetu.

Umeme ulikuwepo tangu alfajiri, jambo lililonitia wasiwasi. Umeme wa kwetu ni kama mjomba mlevi, akifika mapema ujue ataondoka mapema.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Watu walipita, kofia zilipita, gari linalovutwa na farasi likapita. Mimi nilikuwa na maneno yangu mdomoni nikitafuta pa kuyapachika. Nilisema, unaona bibi harusi anavyopendeza? Nikitegemea aseme ndiyo, nami niseme, mama yako naye. Lakini mtoto hakuwa anamtazama bibi harusi. Alikuwa amesogea karibu kabisa na kioo, anatafuta kitu.

Mwaka huo tulikuwa tumehudhuria harusi nyingi, na mtoto anajua namna ya kuzisoma. Kwetu kila upande huchagua kitenge chake. Ukoo wa bwana rangi moja, ukoo wa bibi rangi nyingine, na hata ukichelewa, ukiingia tu uani unajua nani ni nani, na ukae wapi, na usimseme nani mbele ya nani. Asiyevaa kitenge cha ukoo siku ya harusi amesema jambo bila kufungua mdomo. Ama hakuarifiwa, ama ana kinyongo. Basi mtoto alikuwa anatafuta vitenge.

Akavipata. Akanionyesha kwa kidole safu za askari waliopanga njia mpaka mlango wa kanisa, wote koti nyekundu, wote vifungo vya dhahabu, wote kofia moja. Akaniambia hao ndio ndugu za bwana. Akaanza kuwagawia vyeo: huyu mrefu ni baba mkubwa, wale wenye ndevu ni wajomba, yule asiyetingisha hata jicho lazima ni shemeji. Nilicheka mpaka kitambaa kikanidondoka. Akanikazia macho, akasema si kitu cha kuchekesha, ni watu wengi sana wa kulisha.

Kisha akamtafutia bibi harusi ndugu zake. Kamera ikaingia kanisani, ikapita kwenye viti vya upande wake. Mmoja kavaa buluu, mmoja kijani, mmoja waridi, mmoja kofia yenye manyoya ya kuku. Hakuna wawili waliofanana. Mtoto akarudi kwenye kiti akakaa. Halafu akanipa hukumu yake. Wamegombana. Hawakutaka aolewe, ndiyo maana kila mtu amekuja na kitambaa chake.

Nilijaribu kumweleza kwamba kule desturi ni nyingine. Akauliza kama nilishafika kule. Nikasema hapana. Basi.

Na tena bibi harusi alikuwa anacheka, meno yote nje, anawapungia watu mkono. Hapo hata mimi nilishindwa kumtetea. Kwetu msichana akitolewa nyumbani kwao anainamisha uso, hacheki, hata kama moyoni anaruka, kwa sababu anawaacha wazazi wake, na kuwaacha wazazi si jambo la kuchekea. Mimi siku yangu nilinuna kutwa nzima, mpaka watu wa mume wangu, watu wa mto wa huko Isangi, wakaanza kuuliza kama msichana ana ugonjwa. Mume wangu alikuwa akinitania kwa hilo mpaka uzeeni.

Lakini kilichomkera mtoto zaidi ni kingine. Aliniuliza ni nani alikuja kumwomba.

Nikajaribu kukwepa. Nikasema labda walimwomba zamani, kabla ya televizio kuja. Akasema wangeonyesha. Kwa nini waonyeshe farasi, wasionyeshe watu wakiomba? Nikamsogezea sahani ya ndizi, ila hakudanganyika. Maana alikuwa amekaa mapajani mwangu siku walipokuja kumwomba binti wa jirani yetu, na aliona yote. Aliona wageni wakisimamishwa nje ya ua mpaka waimbe. Aliona wajomba wakijifanya hawawafahamu, wakijifanya wana haraka, wakiwarudisha nje. Na aliona binti akitolewa chumbani, baba yake akamsimamisha mbele ya vitu vilivyoletwa, mbuzi na chumvi na taa na blanketi, akamuuliza mbele ya watu wote: unawajua hawa? Tukule vitu vyao? Binti akajibu kwa sauti ndogo, baba akasema hajasikia, akamuuliza tena, na tena. Kabla hajajibu mara zote tatu hakuna aliyethubutu kugusa hata chupa. Kwa mtoto wangu hiyo ndiyo harusi. Yaliyobaki ni muziki na kula.

Kwa hiyo alingoja. Padri mkuu aliposimama mbele ya wale maharusi na kuanza kuwauliza, mtoto akashika mkono wangu. Sasa wanamuuliza, akasema, ingawa ni padri na si baba. Bwana akajibu. Padri akamgeukia bibi harusi, akasoma swali lake refu, bibi harusi akanyanyua uso, akafungua mdomo.

Umeme ukaondoka.

Nimeishi mji huu maisha yangu yote na sijawahi kuuchukia umeme namna ile. Feni ikazunguka mizunguko yake ya mwisho, ikalala. Huko nje redio za majirani zote zilikuwa zimenyamaza, ukasikia mtu anaponda majani ya mihogo nyumba ya tatu. Mtoto alibaki anakitazama kioo cheusi, ambamo tulionekana sisi wawili na nguo zetu nzuri.

"Amekubali?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, amekubali. Akataka kujua nimejuaje. Nikamwambia watu hawaleti farasi wote wale kama hawajui jibu. Hilo alilipokea. Na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, na kwa kuwa kama ningengoja umeme ningengoja mpaka Krismasi, nikamvuta nikamweka karibu nikamwambia.

Sikusema polepole kama nilivyoagizwa. Nilisema yote kwa mara moja, kama mtu anayemeza kwinini. Mama yako anaolewa. Ni mtu mzuri, tumemwona kwenye simu, yule mwenye miwani. Akishaolewa utaenda kuishi nao Poto, huko Ulaya, utapanda ndege, utasoma huko, utalala chumba kimoja na mama yako. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi. Nilikuwa hata na peremende mfukoni kwa ajili hiyo.

Hakulia. Aliruka. Akauliza kama mama atavaa nguo ndefu ya kuburuta, nikasema ndiyo. Akauliza kama ndege ina choo, nikasema ndiyo. Akakimbia chumbani akarudi na viatu vya shule, akavivaa, akakaa mlangoni. Mimi nikasimama na peremende zangu. Nilipaswa kufurahi. Nilijiambia, mama we, shukuru Mungu mtoto hana huzuni. Lakini ukweli ni kwamba iliniuma. Nilitaka alie kidogo, walau kwa heshima.

Akageuka pale mlangoni, akaniita jina analoniita mimi bibi yake.

"Koko, na wewe?"

Nikamwambia mimi nitabaki kuangalia nyumba, na kaburi la babu yake, na kuku. Akalifikiria. Akavua kiatu kimoja, akakishika.

"Nani atakuja kuniomba?"

Nikamweleza habari ya yule mama wa kanisa. Mtu wa kuaminika, nikasema, nikitumia maneno yaleyale niliyoambiwa kwenye simu.

"Iko ndugu yetu?"

Hapana, nikasema.

"Unamujua?"

Hapana.

"Basi usikule vitu vyake," mtoto akasema. Akavua na kiatu cha pili, akavirudisha vyote chumbani, nikasikia anavisukuma chini ya kitanda.

Nilitoka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na nguo za kuanua, na zilikuwa bado mbichi, lakini nilizianua hivyohivyo ili mikono ipate kazi. Nililia pale kwenye kamba, sioni haya kulisema. Nililia kwa sababu mtoto alikuwa ameliona jambo ambalo mimi mtu mzima nilikuwa nalizunguka miezi mingi. Watu wa nyumba hii wamekuwa wakiondoka bila mtu kuja kusimama mlangoni. Binti yangu aliondoka kwa gari la kukodi, alfajiri, watu wamelala. Baba yake aliondoka binti yake hayupo. Sasa na huyu naye nimfungie nguo zake nimkabidhi kwa mgeni, kama kifurushi cha samaki wa kukausha kinachopelekwa kwa jamaa Kinshasa? Wapi. Hilo hapana. Na chini ya hilo kulikuwa na jambo jingine, dogo na la ubinafsi, nalo nalisema pia: kama yule mgeni angemchukua mtoto, binti yangu asingekuwa tena na sababu ya kuja. Mtoto ndiye alikuwa kamba yangu ya mwisho.

Jioni, jua bado lipo, binti yangu akapiga. Alikuwa ameitazama harusi yote, akataka kujua tulionaje. Nikamwambia umeme ulikatika kabla bibi harusi hajajibu. Akacheka, akasema alijibu vizuri, sauti ilitetemeka kidogo tu. Halafu akauliza kama nimemwambia.

Nikamsimulia. Askari waliokuwa wajomba, kiatu, swali la mtoto, kila kitu. Mwanzoni alicheka. Nilipofika kwenye usikule vitu vyake, kicheko kikakatika. Nikamwambia kwamba mimi nimekubali mambo mengi na nitaendelea kukubali, aolewe huko, mimi nisiwepo, sawa, lakini mtoto huyu hatoki hapa kwa mkono wa mtu nisiyemjua. Karatasi zako zikitoka, kabla ya mtoto kupanda ndege, upande wewe. Nilisema kwa sauti yangu ya sokoni. Kama laini ingekatika, basi ingekatika.

Haikukatika. Akaanza kuniambia habari za kazi, za likizo, za yule mama wa kanisa ambaye tayari amekubali. Nikamwacha aseme. Akaishiwa. Kisha ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa msichana mdogo.

"Mama, si likizo. Ninaogopa kuingia na papa hayuko."

Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani ni karatasi tu. Sikujua kwamba kule aliko baba yake bado yuko kidogo, anakaa kwenye kiti chake hapa uani, kwa sababu yeye hajaja kukiona kiti kikiwa kitupu. Sikuwa na hasira tena. Mtoto alikuwa amekuja kusimama karibu yangu, ananitazama mdomo.

"Papa yako hayuko," nikamwambia. "Mimi niko. Njoo uniombe mtoto wako. Mbuzi nakusamehe, chumvi nakusamehe, taa na blanketi nakusamehe. Miguu yako sikusamehi."

Alilia, nikamngoja. Alilia muda mrefu, kilio cha mtu ambaye alikuwa amekiweka, nami sikumwambia anyamaze. Alipomaliza akapenga kamasi, akasafisha koo, na akaniuliza kwa adabu, kama wanavyouliza watu wa upande wa bwana wakituma ujumbe wa kwanza, ukoo wetu unapanga kuwapokea wageni siku gani.

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole. Mtoto akanipokonya simu mkononi, akaishika kwa mikono miwili, akajibu kwa niaba ya ukoo mzima.

"Kesho," akasema. "Tuko."